Damu inayotoka kwenye kongosho: chanzo adimu cha kutapika damu na choo cheusi

Mtu akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, neno la kwanza linalotajwa nyumbani ni vidonda vya tumbo. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini wapo wagonjwa wachache ambao tatizo lao halianzii kwenye mfuko wa chakula wala kwenye utumbo, bali kwenye kongosho. Wanapewa dawa za vidonda, damu inakata, wanarudi shambani, halafu baada ya wiki au miezi damu inarudi tena.

Ugonjwa huu ni adimu. Ukicheleweshwa unaua, ukigunduliwa mapema unatibika. Makala hii ni kwa msikilizaji wa Mngeta, Mchombe, Chita, Mlimba na kwingineko bondeni, ajue ugonjwa wenyewe, dalili zake, na safari ya matibabu kutoka zahanati hadi hospitali kubwa.

Kongosho ni nini?

Kongosho ni tezi ndefu, laini, yenye urefu wa kama sentimita 15. Limelala nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo. Kichwa chake kimekumbatiwa na sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na mkia wake unafika kwenye wengu, upande wa kushoto.

Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kutengeneza maji makali ya kusaga chakula, yanayopita kwenye mrija mdogo na kumwagika ndani ya utumbo. Ya pili ni kutengeneza insulini, inayoongoza sukari mwilini.

Jambo la kukumbuka ni majirani zake. Ateri kubwa inayopeleka damu kwenye wengu inapita juu ya kongosho. Vena inayorudisha damu kutoka wengu inapita nyuma yake. Kongosho likiumwa, mishipa hii ndiyo ya kwanza kuathirika.

Kwanza tujue vyanzo vya kawaida

Wagonjwa wengi wanaotapika damu hawana tatizo la kongosho. Hapa Tanzania vyanzo vikubwa ni viwili.

Kimoja ni vidonda vya tumbo. Vingi husababishwa na bakteria anayeitwa Helikobakta pailori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zinapotumiwa mara kwa mara bila ushauri wa mganga.

Kingine ni kuvimba kwa vena za umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Vena hizi huvimba pale damu inaposhindwa kupita vizuri kwenye ini, kwa sababu ya kichocho cha tumbo, homa ya ini au pombe. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, madaktari walipitia kumbukumbu za wagonjwa 240 waliovuja damu na kupimwa kwa kamera, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Zaidi ya nusu walikuwa na vena za umio zilizovimba, na robo walikuwa na vidonda vya tumbo. Kanda ya Ziwa ina kichocho cha tumbo kwa wingi. Kwa hiyo aliyehamia Kilombero kutoka huko, mfugaji au mkulima, amwambie daktari alikokulia. Habari hiyo inaweza kubadilisha vipimo atakavyofanyiwa.

Damu ya kongosho inakuja nyuma kabisa ya hivyo viwili. Makadirio yanayotajwa sana kwenye vitabu vya tiba kuhusu damu inayopita kwenye mrija wa kongosho ni mgonjwa mmoja katika kila 1,500 wanaovuja damu tumboni.

Kongosho linatoaje damu? Njia nne

*1. Ateri iliyoliwa na kuvimba kama puto.* Kongosho likiungua, yale maji makali ya kusaga chakula yanaweza kuvuja na kuanza kula nyama za jirani. Ukuta wa ateri ukiliwa, unadhoofika na kutokeza kifuko cha damu. Siku kifuko kikipasuka, damu hutafuta njia. Inaweza kumwagika ndani ya tumbo, ndani ya jipu la maji lililo kando ya kongosho, au ikapita kwenye mrija wa kongosho hadi kwenye utumbo. Ateri ya wengu ndiyo inayoathirika zaidi.

Hii ya damu kupita kwenye mrija wa kongosho ilielezwa na Lower na Farrell wa Marekani mwaka 1931. Mwaka 1970 daktari mpasuaji kutoka Sweden, Philip Sandblom, aliipa jina la hemosakasi pankreatikasi, na jina hilo ndilo linalotumika hospitalini hadi leo.

*2. Vena ya wengu kuziba.* Kongosho lililovimba linaweza kuibana vena inayopita nyuma yake mpaka damu igande ndani. Damu ya wengu ikikosa njia yake, inapitia vena ndogo za mfuko wa chakula. Ni kama mfereji wa shamba la mpunga ukiziba: maji hupanda kwenye majaruba ya pembeni. Vena hizo huvimba na mwisho hupasuka. Mgonjwa wa namna hii ana ini zima kabisa, ila vena za tumbo lake zimevimba. Daktari akikuta hivyo, inafaa aliangalie kongosho.

*3. Saratani au uvimbe wa kongosho.* Uvimbe unaweza kukua mpaka ukatoboa ukuta wa utumbo au wa mfuko wa chakula na kuvuja damu. Hawa mara nyingi wamekonda sana, na kama uvimbe uko kwenye kichwa cha kongosho, macho yanakuwa ya njano.

*4. Uvimbe unaochochea asidi.* Kuna uvimbe mdogo, wa nadra, unaoota kwenye kongosho au karibu nalo na kutoa homoni inayoufanya mfuko wa chakula umwage asidi kupita kiasi. Matokeo yake ni vidonda vingi visivyosikia dawa, mara nyingi pamoja na kuharisha. Zollinger na Ellison waliueleza mwaka 1955. Hapa damu inatoka kwenye vidonda kweli, lakini mzizi uko kwingine.

Nani yuko kwenye hatari?

Karibu kila mara damu ya kongosho humpata mtu ambaye kongosho lake lilikwisha kuumwa. Kwa hiyo ni muhimu kujua yanayoliumiza:

- Pombe nyingi kwa miaka mingi. Iwe gongo, bia au pombe nyingine, kinacholiumiza kongosho ni kilevi chenyewe. Gongo ina kilevi kingi, na hakuna anayepima kiasi chake.
- Mawe ya nyongo. Jiwe likishuka na kuziba mlango ambao nyongo na maji ya kongosho hupitia, kongosho huungua. Wenye selimundu hupata mawe haya wakiwa bado vijana.
- Kuumia tumboni. Usukani wa pikipiki au baiskeli ukikupiga juu ya kitovu, unaweza kulibana kongosho kwenye uti wa mgongo. Nje hakuna jeraha, lakini ndani limepasuka. Jipu la maji au kifuko cha ateri vinaweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, wakati ajali imekwisha kusahaulika.
- Minyoo. Mnyoo mkubwa wa tumbo anaweza kuingia kwenye mrija wa kongosho na kuuziba. Hutokea mara chache, lakini hutokea.
- Ugonjwa sugu wa kongosho wa nchi za joto. Huu huwapata watu wasiokunywa pombe, hata vijana, na huleta mawe ndani ya kongosho na kisukari. Afrika Mashariki una historia. Mwaka 1960 Dk. A. G. Shaper, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika juu ya ugonjwa sugu wa kongosho na upungufu wa protini mwilini. Baadaye wapo walioushuku muhogo, lakini haijathibitishwa kwamba ndio unaosababisha.

Kongosho lililoungua kwa muda mrefu lina dalili zake hata kabla ya damu. Kuna maumivu ya juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni na kuzidi baada ya kula au kunywa pombe. Mgonjwa hukonda. Choo huwa na mafuta, kinaelea na kunuka sana. Wengine hupata kisukari.

Dalili zinazotofautisha damu ya kongosho

Tuseme kuna mkulima wa miaka 45. Kwa miaka kumi amekunywa pombe karibu kila siku. Ana maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka. Siku moja maumivu yanapanda ghafla, yanamkunja. Baada ya muda yanapungua, na muda mfupi baadaye anapata choo cheusi. Anapelekwa kituoni, anapewa dripu na dawa za vidonda, damu inakata. Wiki tatu baadaye hali ni ile ile: maumivu, nafuu, choo cheusi.

Mpangilio huo una maana yake. Damu inapoingia kwenye mrija mwembamba wa kongosho huganda na kuuziba, presha inapanda na maumivu yanakuwa makali. Donge likisukumwa kwenye utumbo, presha inashuka, maumivu yanapoa, na damu inatokea chooni. Kisha mrija unaziba tena na damu inakata kwa muda. Ndiyo maana ugonjwa huu huja kwa vipindi, na ndiyo maana huwahadaa watu: kila inapokata, inaonekana dawa imefanya kazi.

Si kila mgonjwa anafuata mpangilio huu. Wengine damu huwatoka kwa wingi mara ya kwanza tu, na hali inakuwa mbaya ndani ya saa chache.

Angalizo kuhusu choo cheusi: vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa akina mama wajawazito hugeuza choo kuwa cheusi, na hiyo si hatari. Choo chenye damu ni cheusi kinachong'aa, kinanata kama lami na kina harufu kali isiyo ya kawaida.

Vipimo: kwa nini kamera peke yake haitoshi

Kipimo cha kwanza kwa anayetapika damu ni kamera, yaani mrija wenye taa unaopitishwa mdomoni hadi tumboni na mwanzo wa utumbo. Kamera huona vidonda na vena zilizovimba, na daktari anaweza kuzitibu hapo hapo.

Lakini damu ya kongosho inatoka kwenye tundu dogo ubavuni mwa utumbo, na inatoka kwa vipindi. Kamera ikipita wakati damu imekata, inaweza isione kitu. Kwa wagonjwa wengi damu haionekani ikitoka kwenye tundu hilo. Kwa hiyo jibu la "kamera haijaona kitu" halimaanishi kwamba mgonjwa hana kitu. Maana yake ni kwamba chanzo bado hakijapatikana.

Hatua zinazofuata ni hizi:

- Altrasaundi huweza kuonyesha mawe ya nyongo, jipu la maji kando ya kongosho, na wakati mwingine kifuko cha damu. Ni kipimo kisicho na maumivu na kinapatikana katika hospitali nyingi.
- CT skani yenye dawa ya kuonyesha mishipa ndiyo kipimo kikuu. Inaonyesha kongosho, ateri zake, na mahali kifuko kilipo.
- Picha ya mishipa kwa katheta. Daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye ateri ya paja au ya mkono mpaka karibu na kongosho, anaingiza dawa na kupiga eksirei. Kipimo hiki kinaweza kugeuka kuwa tiba papo hapo.

Kuna jambo moja kuhusu majipu ya maji ya kongosho. Kabla ya kulitoboa na kulinyonya, madaktari hutaka kuhakikisha kwamba ndani yake hakuna ateri iliyovimba. Jipu lenye ateri ndani likitobolewa kama jipu la kawaida, damu inaweza kumwagika bila kuzuilika.

Matibabu

*Kuokoa maisha kwanza.* Kabla ya kutafuta chanzo, mgonjwa anawekewa dripu, anapimwa kundi la damu na kuongezewa damu inapohitajika. Hili linaweza kuanza katika hospitali iliyo karibu. Kutoka Mngeta, hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu ni ya Mtakatifu Fransisko, mjini Ifakara.

*Kuziba mshipa kutoka ndani.* Hii ndiyo tiba inayopendelewa siku hizi pale ateri imevimba na mgonjwa hajazidiwa sana. Kwa kutumia ile katheta, daktari anaweka nyaya ndogo zilizojikunja kama springi ndani ya ateri, mbele na nyuma ya kifuko. Damu inaganda kwenye nyaya na kifuko kinafungwa. Mgonjwa hapasuliwi tumbo.

Tiba hii inahitaji mashine na mtaalamu aliyesomea. Hapa nchini, mafunzo ya fani hiyo yalianzishwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2018, kwa ushirikiano na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani. Kabla ya hapo mgonjwa wa namna hii alikuwa na njia chache sana zaidi ya upasuaji mkubwa.

*Upasuaji.* Unafanyika pale katheta haipo, imeshindikana, au mgonjwa anavuja damu kwa kasi. Daktari hufunga ateri, na mara nyingine huondoa mkia wa kongosho pamoja na wengu. Ni upasuaji mkubwa, lakini umewaokoa wengi.

*Vena ya wengu ikiwa imeziba* na tumbo linavuja damu kwa sababu hiyo, kuondoa wengu kunamaliza tatizo, kwa kuwa damu iliyokuwa ikifurika kwenye vena za tumbo haipo tena.

*Dawa.* Omeprazoli na dawa nyingine za kupunguza asidi ni nzuri kwa vidonda. Haziwezi kufunga ateri iliyopasuka. Kwa mwenye ule uvimbe unaochochea asidi, dawa hizo hutumika kwa dozi kubwa zaidi wakati uvimbe wenyewe unashughulikiwa.

Ateri iliyopasuka isipotibiwa, wengi wa wagonjwa hufa. Wakitibiwa, wengi hupona. Baada ya hapo kazi inayobaki ni kulilinda kongosho: kuacha pombe kabisa, kutoa mawe ya nyongo kama yapo, kuacha sigara, na kupima sukari mara kwa mara.

Kuishi bila wengu katika bonde lenye malaria

Wengu ni askari wa mwili. Husafisha damu, huondoa chembe zenye vimelea vya malaria, na hupigana na bakteria wa homa ya mapafu na uti wa mgongo. Aliyeondolewa wengu anaishi vizuri, lakini kwa masharti:

- Apate chanjo dhidi ya bakteria hao. Kama upasuaji si wa dharura, chanjo zitolewe angalau wiki mbili kabla.
- Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Hapa Kilombero si jambo geni, kwani mradi wa KINET ulihamasisha vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga tangu miaka ya 1990. Anayehamia shambani kwenye dungu wakati wa kulinda mpunga aende nacho.
- Homa yoyote ni dharura. Asisubiri kesho wala asinywe panado na kulala. Aende kituoni siku hiyo hiyo, na aseme mapema: "Mimi sina wengu."

Damu ikianza ukiwa nyumbani

1. Mlaze mgonjwa kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Mfunike asipate baridi.
2. Usimpe chakula, maziwa, pombe, mkaa wala dawa ya mitishamba. Tumbo lenye vitu linazuia kamera kuona.
3. Usimpe diklofenaki, aspirini wala ibuprofeni kwa ajili ya maumivu. Zinaongeza kuvuja damu.
4. Tafuta usafiri mara moja. Jasho la baridi, mapigo ya moyo ya haraka, kizunguzungu anaposimama au kuchanganyikiwa ni dalili kwamba damu nyingi imekwisha kupotea.
5. Kama hali inaruhusu, pitieni zahanati au kituo cha afya ili awekewe dripu na kupewa barua ya rufaa. Wakati wa masika, barabara ya kwenda Ifakara inaweza kuchelewesha safari, kwa hiyo msingoje damu ya pili.
6. Ndugu wawili au watatu wenye afya waende naye, wawe tayari kuchangia damu.
7. Chukueni kadi ya bima, karatasi zote za hospitali za nyuma, na dawa zote anazotumia, hata za dukani.

Mambo ya kumwambia na kumwuliza daktari

Daktari anayepokea wagonjwa wengi kwa siku anategemea maelezo yako. Mwambie bila kuficha:

- Hii ni mara ya ngapi damu kutoka, na ni lini ilitoka mwisho.
- Kama maumivu hutangulia damu na kupoa ikishatoka.
- Kama mgonjwa anakunywa pombe, kiasi gani na kwa muda gani. Kumficha daktari jambo hili kwa aibu ni kumnyima njia ya kukusaidia.
- Kama aliwahi kuanguka na pikipiki au kuumia tumboni, hata miezi mingi iliyopita.
- Kama ana selimundu, kisukari, mawe ya nyongo au aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa kongosho.

Kisha uliza, kwa heshima: "Daktari, kamera haijaona chanzo na damu imerudi. Je, kongosho limeangaliwa? Tunahitaji CT skani ya mishipa? Tukapimiwe wapi, na bima yetu inagharamia?" Ni swali la haki, na mgonjwa wako anaweza kupona kwa sababu lilikumbukwa.

Makala hii inatoa elimu ya jumla na haichukui nafasi ya mganga. Anayetapika damu au mwenye choo cheusi kama lami aende kituo cha afya leo.